Gari Likishabeba Dagaa

Wilhelmina alitoa sharti lake siku ya Jumapili baada ya ibada, mbele yangu, ili mumewe Chenge asije akasema baadaye kwamba hakusikia.

"Msimu mmoja tu," alisema. "Ukishinda hata mara moja, hilo gari ni lako, hata ukitaka kulala nalo lala. Usiposhinda, Jumatatu yake linaanza kubeba dagaa."

Chenge alinitazama mimi. Mimi nikatazama chai yangu.

Hapa Igoma hakuna asiyejua maana ya gari kubeba dagaa. Kuna jirani yetu alibeba magunia mara moja tu, kumsaidia shemeji yake, na mpaka leo akitoka nyumbani paka wa Nyakato hujipanga nyuma yake kama wafiwa. Alilipaka rangi upya, wapi. Akaliuza Shinyanga. Mnunuzi alilirudisha kesho yake likiwa limefungwa kamba ndefu, na dereva wa gari lililolivuta alikuwa amepandisha vioo vyote. Gari likishabeba dagaa limeshabeba, basi.

"Mama Winnie," Chenge alisema kwa upole, "dagaa wako si wanabebwa na kile kigari cha mizigo, kirikuu?"

"Kirikuu kinazunguka mji mzima kupakia mizigo ya watu. Nikifika hapa wenzangu wameshauza, mimi nabaki na inzi. Halafu uani kwangu kuna gari limekaa linasuguliwa kama sufuria ya harusi."

"Hilo ni gari la mashindano."

"Limeshindana na nani?"

Swali hilo lilikuwa la haki, maana wakati huo lilikuwa halijashindana na mtu.

Gari lenyewe ni Corolla ya wagoni, ile aliyofundishia udereva. Chenge ni mwalimu wa udereva mstaafu, na nusu ya madereva unaowaona kati ya Mwanza na Musoma wamepita mikononi mwake. Aliwahi kumfundisha bwana mmoja wa Magu aliyeogopa gia ya kwanza kama chatu, basi akafanya mtihani wote kwa rivasi na akafaulu. Shule ilipoiondoa ile Corolla kazini, Chenge aliichukua, akaipeleka kwa Okomo, fundi wetu hapa Igoma, naye akaitoa injini yake na kuiwekea nyingine iliyoizidi nguvu mara mbili. Siku Okomo alipoiwasha, kambale wa kule Igombe walitoa vichwa nje ya maji kuuliza kuna nini. Mimi sikuwaona, lakini mvuvi aliyenieleza ni mzee wa kanisa.

Mashindano yenyewe si mambo makubwa. Magari mawili yanasimama bega kwa bega kwenye lami iliyonyooka, bendera inashuka, na anayefika wa kwanza mwisho wa mita mia nne ndiye mshindi. Ni mchezo mfupi kuliko sala ya chakula. Wanaoshindana ni watu wa kawaida wenye kazi zao, na mwenyekiti wao ni Josephat, muuza vipuri, ndiye anayeomba vibali, anayetafuta gari la wagonjwa na kufunga kamba za kuzuia watazamaji. Msimu ulikuwa na raundi nne: Igoma, Kisesa, upande wa Sengerema, na ya mwisho Busisi. Chenge alikuwa kwenye kundi la magari ya zamani ya gia za mkono. Kila raundi angepangiwa mpinzani mmoja.

Na mimi? Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilistaafu kwenye mizani ya kiwanda cha kuchambua pamba, na mtu aliyepima pamba maisha yake yote hawezi kushindwa kushika chupa ya maji na kusema "vizuri." Isitoshe namzidi Chenge miaka mitatu, na kila asubuhi ananipa shikamoo yangu, ingawa huitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

Raundi ya kwanza ilifanyika nyuma ya Igoma, kwenye kipande cha lami kilichokuwa hakijafunguliwa. Mpinzani alikuwa Ngosha, kijana wa Buzuruga mwenye Mark Two nyeusi, naye alifundishwa udereva na Chenge huyu huyu. Magari yakajipanga, Ngosha kushoto, Chenge kulia. Injini zikalia. Josephat akainua bendera. Hapo Ngosha akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mwalimu!"

Bendera ikashuka.

Chenge aligeuka, akaondoa mkono kwenye usukani na mguu kwenye mafuta. "Marahaba, Ngosha! Hujambo? Mama mzima?"

Mama mzima ilibaki hewani. Ngosha alikuwa ameshakwenda, na moshi wake ndio uliopokea salamu.

Nilimkuta Chenge mwisho wa lami ametulia kabisa, anafuta kioo.

"Imekuwaje?" nikamuuliza.

"Ameniamkia."

"Nimesikia. Hata waliolala hospitali wamesikia. Kwa nini hukuondoka?"

"Pius, bwana. Niiache shikamoo ya mtoto wa watu inaning'inia pale barabarani?"

"Ingening'inia dakika moja tu! Ungeirudia ukimaliza!"

"Shikamoo haiwekwi kiporo," alisema, akaendelea kufuta kioo.

Nilikwenda kwa Josephat kulalamika. Alinisikiliza vizuri, maana ni kijana mwenye adabu, akakuna kidevu.

"Mzee wangu, kanuni zetu zinakataza matusi, zinakataza pombe, zinakataza kumgonga mwenzako makusudi. Salamu siyo tusi. Unataka nisimame mbele ya vijana niwaambie wasiwaamkie wazee? Kwa mama yangu nitarudi na sura gani?"

Nikarudi kwa Chenge kushika chupa yangu ya maji.

Kisesa, kwenye raundi ya pili, habari ilikuwa imeshamfikia kila mwenye usukani. Chenge alikuwa amejiandaa. Aliniambia asubuhi kwamba ataitikia neno moja tu, marahaba, halafu anakwenda zake, za nyumbani wataulizana baadaye. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini mpinzani wake, kijana mwembamba mwenye Carina, alipiga kelele: "Shikamoo, babu! Na poleni na msiba!"

"Marahaba! Msiba gani?" Chenge akauliza, na mguu ukatoka kwenye mafuta.

Hapakuwa na msiba. Kijana alishinda kwa urefu wa magari matano, na Chenge alishinda siku nzima akipiga simu kwa ndugu zake kuhakikisha wote wako hai.

Upande wa Sengerema alipangiwa Adoyo, binti wa Mara aliyekuja na Starlet ndogo nyekundu iliyokuwa inaruka kama panzi. Nilipumua, nikasema huyu ni binti, ana huruma. Kumbe yeye ndiye alikuwa amesoma somo kuliko wote. Aliinamisha kichwa kabisa, sauti tamu kama asali ya Tabora: "Shikamoo, baba. Winnie hajambo? Tulisoma naye."

Ukimuuliza Chenge habari za binti yake, jua kwamba umemuomba hotuba. Alifika kwenye "anaendelea vizuri, yuko Bukoba, amepata kazi" ndipo akakumbuka kilichompeleka pale. Siku hiyo Starlet ilimpita, vumbi la Starlet likampita, na korongo mmoja aliyekuwa anatembea kando ya lami kwa shughuli zake naye akampita. Korongo hakukimbia. Aliongeza hatua tu.

Jioni tulifika nyumbani, Wilhelmina tukamkuta kazini. Alikuwa uani amesimama nyuma ya Corolla na kamba mkononi, anapima upana wa mlango wa nyuma.

"Unapima nini, Mama Winnie?"

"Napima tu."

Chenge hakula vizuri usiku ule. Kesho yake nilimletea pamba. Pamba safi, daraja la kwanza, ninayo kwenye mtungi tangu kazini.

"Ya nini?"

"Ya masikio. Raundi ya Busisi unaziba yote mawili, unatazama bendera. Bendera haina sauti. Husikii shikamoo, huna kosa."

Aliichukua, akaigeuzageuza, akanirudishia. "Kwanza nikiziba masikio siisikii injini, nitabadilishaje gia? Pili, mtu akijiziba masikio ili watoto wasimwamkie, huyo hana tofauti na gogo."

"Gogo halibebi dagaa."

"Pius. Mimi ni mwalimu. Mwanafunzi akishindwa kupanda mlima, simwambii aubomoe mlima. Namfundisha mguu." Akasimama. "Kosa langu siyo salamu. Kosa ni mguu. Mguu unafuata mdomo. Nikiongea, unatoka. Basi tutaufundisha kukaa."

Ndivyo yalivyoanza mazoezi ambayo Igoma haitayasahau. Chenge aliigawa kazi kwa hatua, kama alivyozoea kuwagawia wanafunzi: klachi, gia, marahaba, mafuta. Klachi, gia, marahaba, mafuta. Kila asubuhi alipeleka gari kwenye njia ya vumbi nyuma ya nyumba, akalikalisha tayari, na mimi nikasimama njiani kukamata wapita njia.

"Mwanangu, msalimie mzee yule kwenye gari."

"Kuna nini?"

"Anafanya mazoezi."

Walimsalimia wauza nyanya, mafundi baiskeli, wanakwaya, na mganga mmoja aliyekuwa anawahi basi. "Shikamoo!" "Marahaba!" na gari linachomoka. "Shikamoo!" "Marahaba!" na gari linachomoka. Mzee mmoja wa Kishiri nilimsimamisha kwa bahati mbaya bila kumtazama vizuri usoni, akanijia juu: "Mimi nimpe Chenge shikamoo? Chenge niliyemwona ananyonya?" Nikamwomba radhi, nikampa yeye shikamoo, na Chenge kusikia neno tu akaitikia na kuondoka kwa kasi.

Baada ya wiki chache mguu ulitulia. Ukimwamkia akiwa mezani, mguu wake wa kulia ulikanyaga chini ya meza. Kanisani mtoto alimwamkia, benchi zima likasogea mbele. Okomo alikuja kutazama mazoezi, akasema hajawahi kuona gari linaondoka hivyo; na Okomo huwa hasifii kitu ambacho hakukifunga mwenyewe.

"Busisi tunashinda," nikamwambia Wilhelmina.

Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. "Amepangiwa nani?"

"Ngosha tena."

"Yule mtoto wa Bernadeta?"

"Huyo huyo. Na aje na shikamoo zake zote, azijaze kwenye gunia."

Alitikisa ungo na kupepeta.

Busisi siku hizi kuna daraja, magari yanapita juu bila hata kujua kwamba yamevuka maji. Chini yake ile barabara ya zamani ya kivuko imebaki imelala, lami nzuri isiyo na kazi, inashuka mpaka inaingia ziwani. Josephat alikuwa ameomba kuitumia. Tulianzia upande wa maji tukipanda, maana alisema anayeshindwa kufunga breki ni heri apande kilima kuliko ahesabiwe na sato. Watu walijaa pembeni, akina mama wameleta mihogo ya kukaanga, na wengine walikuwa juu kabisa kwenye daraja wanachungulia mpaka askari akawasogeza.

Wilhelmina alikuja. Msimu mzima hakuwahi kuja. Alikuja amevaa kitenge kipya, pamoja na Bernadeta, mama yake Ngosha, mwanamke mnene wa kwaya ambaye akikohoa watu hunyamaza.

"Umekuja kutazama gari lako la dagaa?" nikamtania Wilhelmina.

"Nimekuja kumtazama mume wangu, shemeji. Kuna kosa?"

Ngosha alikuja kutusalimia mapema, kabla hata ya kuvaa kofia yake ngumu. Alikuja kwa miguu, akainama kidogo, akatushika mikono kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee Pius. Shikamoo, mwalimu." Alisema taratibu, macho chini. Mguu wa Chenge ukakanyaga mchanga, lakini uso wake ukafurahi.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu. Nikutakie heri."

Alipoondoka nikasema, "Anakulainisha."

"Kijana ana adabu," Chenge akajibu. "Mmemzulia tu."

Magari yakaitwa. Ngosha kushoto, Chenge kulia, na mimi nyuma ya kamba karibu na dirisha la Chenge, chupa ya maji mkononi. Injini zikapanda. Maji ya ziwa nyuma yetu yakaanza kuchemka kidogo kandokando. Ndani ya gari nilimwona Chenge midomo inatembea: klachi, gia. Sikio lake la kushoto alikuwa amelielekeza kwa Ngosha kama dishi la televisheni.

Josephat akainua bendera. Nikamtazama Ngosha. Ngosha alikuwa anatazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, mdomo umefungwa kabisa.

Bendera ikashuka.

Mark Two ikaondoka. Corolla haikuondoka. Chenge alikuwa amekaa pale pale, klachi imekanyagwa, gia imeingia, injini inapiga yowe, yeye anasubiri.

"Nenda!" nikapiga kelele. "Chenge, nenda!"

"Bado hajaniamkia!"

"Ameshakwenda!"

"Hajaniamkia, Pius!" Na alikuwa anahangaika kweli, jasho linamtoka, nilimwona anataka kuondoka na hawezi, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta funguo hana. Baada ya gia ni marahaba. Na marahaba humwitikii mtu ambaye hajasema kitu.

Sijawahi kufikiri haraka vile tangu nizaliwe. Niliinama chini ya kamba, mimi niliyemtangulia duniani kwa miaka mitatu, mimi niliyemwona akivaa kaptula, nikapiga kelele mbele ya Igoma nzima na Sengerema nzima:

"Shikamoo, Chenge!"

"Marahaba!" akanguruma, na akaondoka.

Aliondoka namna ambayo kivuli cha gari kilibaki kwenye mstari, kikashtuka, ndipo kikaanza kukimbia kulifuata. Mihogo iliruka kwenye karai na kurudi ikiwa imegeuka upande wa pili. Nilimwona akilikamata vumbi la Ngosha, akaingia ndani yake, akatokea upande wa pili, na ile Corolla ya kufundishia wanafunzi ikawa inailamba Mark Two mkia, mlango, mlango wa mbele. Watu walikuwa wamepanda juu ya mawe. Bernadeta alikuwa ameshika kichwa. Kama lami ya Busisi ingeongezwa urefu wa mtumbwi mmoja, leo ningekuwa ninaandika habari nyingine.

Ngosha alishinda kwa boneti.

Tulipanda hadi mwisho wa lami, Wilhelmina akiwa mbele yetu sote ingawa alivaa viatu vya kisigino. Chenge alikuwa ameshashuka, anapumua kama amelisukuma gari hilo kwa mikono. Ngosha alikuwa amesimama karibu yake, kofia kwapani, hana furaha ya mshindi hata kidogo.

"Mwalimu, umepatwa na nini? Gari limezima?"

"Halikuzima. Mbona hukuniamkia?"

"Mama amenikataza!"

Bernadeta akafika, anahema. "Ndiyo, nimemkataza. Shikamoo siyo jiwe la kumtupia mtu mzima. Nilimwambia, ukimchezea tena yule mzee kwa salamu, usirudi kwangu. Kamwamkie kwa miguu, kwa adabu, halafu ukiwa kwenye gari funga mdomo uendeshe. Nimekosea?"

"Hujakosea, mama," Chenge akasema kwa unyonge. "Nani alikuambia lakini?"

Bernadeta akamtazama Wilhelmina. Wilhelmina akawa anatazama daraja, kama mtu anayehesabu nguzo.

"Mama Winnie?"

"Nilikwenda kwake juzi," Wilhelmina akasema bila kugeuka. "Nilimpelekea dagaa, nikamweleza."

"Wewe? Wewe si ulikuwa unataka nishindwe?"

"Nani alikuambia nataka ushindwe? Mimi nilitaka dagaa wafike mapema. Hayo ni mambo mawili." Akageuka. "Nilikuwa naona unavyorudi. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasema hata kama sipendi huo mchezo, mume wangu hawezi kushindwa na shikamoo. Kushindwa na gari sawa. Siyo na shikamoo."

"Sasa ungeniambia! Nimefanya mazoezi mwezi mzima ya kuamkiwa!"

"Ningekuambia ungenikataza kwenda."

Hilo lilikuwa kweli. Ngosha alitazama chini. Mimi nilitazama chupa ya maji, nikainywa mwenyewe. Kila aliyekuwepo pale alikuwa amefanya jambo jema, na jumla yake ilikuwa gari kushindwa.

Wilhelmina alisogea, akaweka mkono kwenye boneti, akauondoa haraka kwa sababu ya moto. "Basi tuseme hivi. Kwa kuwa na mimi nina mkono wangu humo, lile sharti tuliache. Kirikuu kitaendelea."

Nilitaka kupiga makofi. Chenge alitikisa kichwa.

"Hapana. Ulisema msimu mmoja, nikakubali mbele ya Pius. Sikushinda. Jumatatu nikupeleke saa ngapi?"

"Baba Winnie..."

"Saa ngapi?"

Wilhelmina alikaza kitenge chake. "Saa kumi na mbili, soko la Mwaloni wanafungua mizigo," akasema.

Jumatatu ilipofika nilikwenda nao. Sikwenda kwa sababu ya dagaa. Mtu hamwachi rafiki yake peke yake siku kama ile. Mwaloni palikuwa na watu wengi kama kawaida, mizigo ya Ukerewe imeshuka, wapagazi wanapita na magunia vichwani wakipiga miluzi. Chenge alitandika turubai ndani ya Corolla. Akatandika la pili. Akatoa shuka lake la kitanda, Wilhelmina akamnyang'anya. Gunia la kwanza lilipoingia, Chenge aligeuka akatazama ziwa. La pili, akavua kofia. Baada ya hapo mlango ulifungwa na mimi nikakaa juu ya gunia la nyuma kabisa, maana kiti kilikuwa hakipo tena.

Hapo ndipo tulipoona wingu. Lilikuwa limesimama juu ya maji upande wa Ukerewe, jeusi kama sufuria ya shule ya bweni, na chini yake ziwa lilikuwa limeshafutika. Wapagazi wakaanza kukimbia. Wenye kirikuu wakaanza kugombania maturubai. Dagaa aliyekauka akinyeshewa anakuwa uji, na uji wa dagaa hakuna anayeununua.

Wilhelmina alipanda mbele, akafunga mkanda. "Twende."

Chenge akawasha gari, akaangalia kioo, akaonyesha ishara, akaingia barabarani vizuri kabisa kama yuko kwenye mtihani. Mvua ikatua Mwaloni nyuma yetu. Niliisikia ikigonga mabati.

"Kanyaga, Baba Winnie!"

"Hapa mwisho hamsini."

"Mvua haijasoma alama!"

"Mimi nimesoma. Nimefundisha." Lakini nilimwona kwenye kioo, macho yamebadilika. Tulifika kwenye taa, nyekundu, tukasimama. Kushoto kwetu kirikuu kilichojaa magunia, kulia kirikuu kingine. Wote watatu tunakwenda Igoma, wote watatu tuna dagaa, na matone ya kwanza yanaanza kupiga lami nyuma. Chenge alikanyaga klachi. Gia. Dereva wa kushoto alimtambua, akatoa kichwa: "Aa, mwalimu, shikamoo!"

"Marahaba!" akajibu Wilhelmina, kwa niaba yake, kabla Chenge hajafungua mdomo. "Kijani! Nenda!"

Na Chenge akaenda. Hakuzidisha hamsini, hilo naapa. Lakini alifika kwenye hamsini wakati wenzake bado wanatafuta gia ya kwanza. Taa ya pili hivyo hivyo. Buzuruga hivyo hivyo. Kila tukisimama, Wilhelmina anashika dashibodi kwa mikono miwili, anatazama taa, anasema "bado, bado, bado, sasa!" na magunia yananijia kifuani. Mvua ilitufuata barabara nzima ya Musoma. Pale Nyakato ikatukamata, ikawa inanyesha kwenye bampa la nyuma tu. Kioo cha mbele kikavu, vumbi tupu, hata waipa hakuwasha. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nilitoa mkono dirishani ukalowa mpaka kiwiko, na kidole nilichokielekeza mbele kikabaki kikavu.

Tulifika Igoma, tukaingiza magunia chini ya bati, na la mwisho lilipopita mlangoni mvua ikatua uani kwa hasira, kama mtu aliyekosa basi. Wale wa kirikuu walifika baadaye wakiwa wanakamua magunia. Asubuhi ile mwenye dagaa wakavu Igoma nzima alikuwa mmoja.

Wilhelmina alikuwa anafungua gunia, wateja wameshamzunguka, kitenge kimejaa magamba. Alimwita mumewe bila kuinua kichwa.

"Baba Winnie. Pale Buzuruga ulichelewa kidogo kuingiza gia ya pili."

"Nimeona. Springi za nyuma zinalala kwa uzito."

"Basi mwite Okomo azipandishe. Kesho kuna mzigo mkubwa zaidi."

Okomo alikuja jioni. Alilisikiliza gari kwa muda mrefu, amesimama upande unakotoka upepo.